Daftari la Makosa

Jumatatu. Shaame Faki, la tatu B, kasinzia kwenye hesabu.
Jumanne. Kampiga Seif teke. Sababu: hana.
Jumatano. Katoka bila ruhusa. Kaulizwa, kajibu kwa ukali, kisha kalia.
Alkhamisi. Kasinzia.
Ijumaa. Kasinzia, na siku yenyewe nusu!

Mwandiko ni wangu, wino wa buluu, herufi zimenyooka.
Nikiipenda ile "Sababu: hana".
Nilimsimamisha juu ya kiti, mikono hewani,
na hapo hapo juu macho yakamfumba.
Wenzake wakamwita Pono.
Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

Mama yake nilimwita mara tatu.
Ya tatu alikuja kutoka shambani, vidole vinanukia karafuu:
"Mwalimu, mwanangu usiku analala, lakini hapumziki."
Nikaandika: mzazi anamtetea.

Kisha bibi yake Shaame akafariki, kule Kangagani,
tukenda kulala tanga.
Chumba kimoja, wanawake kumi na mmoja, mikeka, kibatari.
Mtoto ubavuni mwa Bi Mize,
shingo kaitupa nyuma, kinywa wazi.
Akaanza kukoroma,
msumeno ndani ya gogo bichi.
Mtu akacheka gizani.
Kisha msumeno ukakwama.

Mimi mwalimu wa hesabu, nahesabu bila kutaka.
Moja. Mbili.
Kifua kinapanda, kinashuka, hewa haipiti.
Saba.
Bi Mize hakuamka. Mkono wake ndio ulioamka,
ukamgeuza mtoto ubavu wa pili
kama mtu anayegeuza mkate wa kumimina usiungue.
Kumi na mbili.
Akavuta pumzi kwa kishindo, kama aliyeopolewa kisimani,
akaendelea kulala,
ikiwa kule ndiko kulala.

Mpaka adhana ya alfajiri nilihesabu mara thelathini na moja.
Thelathini na moja,
kisha skuli,
kisha mimi na chaki yangu.

Daktari wa Chake alimulika kooni:
mafindofindo mawili yanagusana kama milango ya duka saa ya sala.
Wakampeleka Unguja, akapasuliwa.

Karudi na sauti nyembamba, ngeni hata kwake mwenyewe.
Mara saba bado inampiga chenga.
Juzi kaficha kalamu ya Riziki chini ya tofali.
Hilo lake halisi; nikamwandika,
na nilifurahi kumwandika.

Lakini kurasa za nyuma zipo. Wino haufutiki.
Pembeni ya "hana" nimeongeza kwa penseli, kwa herufi ndogo:
hewa.

Wenzake bado wanamwita Pono.
Hilo sikuliandika popote,
na sijui pa kulifutia.