Mkia wa Mamba

Kule Hexham, watoto wakipangwa wawili wawili,
mkono kwa mkono, kuvuka daraja,
foleni yao huitwa mamba.
Mamba wa Bi Askew alivaa makoti ya manjano,
alikuwa na miguu hamsini na minne, soksi zimeporomoka,
wala meno yake hayakumtisha mtu:
mengi yaling'oka wiki ileile.

Ishirini na saba haigawanyiki kwa mbili.
Kila Alhamisi, siku ya kwenda kuogelea,
alibaki Clifford Tweddle,
mkono mmoja mfukoni, wa pili hauna mwenyewe.
"Njoo," akasema Bi Askew. "Mimi na wewe ndio mkia.
Mamba asiye na mkia haogelei, huzunguka tu."

Jioni moja mtoto akamchora.
Magamba yote, moja moja, mpaka karatasi ikatoboka,
na chini, kwa penseli iliyotafunwa:
kokodrili.
Bi Askew akapitisha wino mwekundu.
Krokodaili, akaandika juu yake. R inakaa mbele.
Masikio ya Clifford yakaushinda wino kwa wekundu.

Kufika Pasaka baba yake alikwishapata kazi Sunderland,
kwenye meli.
Mkia ukabaki mtu mmoja.

Sasa ni Februari, Bi Askew amestaafu,
anashinda maktabani kukwepa bili ya gesi.
Amefungua kamusi nene kama tofali
akitafuta neno la fumbo la gazeti,
herufi tisa, la mwisho T.
Kidole kikateleza.

Kumbe watu wa kale, wa kalamu za manyoya,
waliandika kokodrili.
Karne kwa karne, R palepale
alipoiweka Clifford,
na hakuna aliyewaharibia daftari.

Alicheka peke yake. Kisha macho yakamlowa.
Na lugha yake, ambayo mito yake
haijapata kumlaza mnyama huyu hata usiku mmoja,
ilikwisha kuyapa jina machozi ya namna hiyo:
ya mamba, yaani ya uongo.
Akayafuta kwa kiganja, haraka,
kana kwamba kuna mtu angemshtaki.

Mkutubi alikuwa amegeuka, anapanga magazeti.
Bi Askew akatoa penseli mkobani
na pembeni mwa ukurasa, ukurasa usio wake,
akatia vema.
Ndogo.
Kosa ambalo kwalo aliwanyima watoto mapumziko
miaka thelathini na mmoja.