Vidole Vitatu

Nakatani alikuja kufunga mashine ya kusokota kamba.
Alikaa miezi minne, akajua neno "kesho" na neno "spana".
Siku gurudumu la mwisho lilipozunguka bila kulia
alitoa chupa kwenye begi la vifaa,
akanimiminia kwenye kifuniko cha chupa ya chai,
akanigusa puani kwa kidole cheusi:
kwanza hapa.

Mbao iliyorandwa jana.
Moshi wa mbali, wa jirani mwenye adabu.
Halafu ganda la chungwa la Muheza
lililosahauliwa mfukoni mwa koti la kanisani.
Ndipo nikanywa.

Kiinua mgongo kilipotoka nikasema, nitaitafuta ile.
Mke wangu akasema, tafuta bati.
Nikatafuta bati. Mvua zikapita.
Kisha nikavaa viatu.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili:
"Cha Kijapani hapa ni gari, mzee. Kinywaji ni Konyagi."

Makorora ipo, rafu ya juu,
herufi zimesimama wima kama njiti za kiberiti.
Ndani chai ya rangi.
"Pambo hilo," mhudumu alisema, "bosi anapenda mwandiko."

Raskazone, hotelini, ipo kweli,
toti moja kwa bei ya mifuko miwili ya saruji,
na kabla sijafungua mdomo kijana ameshajaza barafu,
ameshamwaga soda, ameshatabasamu.
Nilikunywa soda ya thamani kuliko zote nilizowahi kunywa.

Semkiwa hanywi. Hunifuata kwa sababu anapenda kuona upuuzi
ukitembea kwa miguu.
"Unatafuta baa," aliniuliza, "au unamtafuta Mjapani?"
Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Chumbageni, nyuma ya nyumba za reli,
baa isiyo na jina, ukuta una rangi ya kampuni ya simu.
Yustina Kaniki hakuuliza nina shilingi ngapi.
Aliuliza, "Umekula?"
Akapanda stuli, akashusha chupa yenye vumbi.
Mpishi wa meli alimwachia badala ya deni.
Waja leo waondoka leo, tunasema Tanga;
chupa hii ilikuja, ikakaa miaka sita,
hakuna aliyeiita jina.

Aliosha glasi, akainusa.
Akaiosha tena.
Coastal walikuwa wanacheza, dakika ya themanini,
na mama yule akaenda akaizima sauti ya televisheni.
Wanaume wakapiga meza. "Mnatazama kwa macho," aliwaambia.
"Huyu anaonja."

Mbao, ndiyo.
Moshi, kwa mbali.
Chungwa sikuliona, nikalisubiri, likaja limechelewa,
limechoka.
Kuna kitu kilipungua, nikakizungusha ulimini
mpaka nikakijua:
grisi.
Ile iliyokuwa kwenye ukingo wa kifuniko,
alama ya kidole gumba cha mtu
ambaye sikumuuliza hata ana watoto wangapi.

Coastal walifungwa, au walifunga, kelele ni ileile.
Chupani vimebaki vidole vitatu.
Nilimwambia Yustina pensheni ni tarehe ishirini na nane.
Alikata plasta ya jeraha,
akaibandika kwenye chupa,
akaandika jina langu kwa kalamu ya madeni.

Amelikosea, herufi mbili.
Nimeliacha hivyo hivyo.