Mkasi wa Mashoto

Kwanza nilichora. Nyuma ya bili ya SNEL
(ya mwezi ule taa ilipowaka siku nne)
nikachora mraba, na ndani ya mraba
umbo la pembe tano, limeinama
kama nyumba za mtelemko wa Kadutu
zinavyoshikana mabega zisianguke.
Hapo katikati atakaa Baba:
kipande cha tai yake, rangi ya damu ya mzee.

Kisha nikalizunguka. Huku jinzi,
kule kitenge cha kwaya ya Pasaka,
kile chenye njiwa aliyefanana na bata.
Bluu ya sare ya Cito, imepauka gotini
kwa adhabu, si kwa sala.

"Mama, mpango wake uko wapi?" akauliza Nsimire.
Hakuna mpango, mwanangu, ila kuna adabu.
Usiweke nyekundu mbili jirani, zitagombana.
Usiziache pembe nne zikutane pamoja,
patavimba kama jipu.
Kitambaa kinachoteleza, kipe jirani mgumu.
Na chini ya vyote, gunia la unga
nililolifua mpaka maandishi yakakubali kuondoka,
isipokuwa kilo ishirini na tano.

Lakini mkasi.
Mkasi wangu ulikuwa unatafuna, haukati,
na miaka ishirini na miwili nilidhani kosa ni langu.
Mwalimu wetu wa ushonaji, parokiani,
aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa futi ya kupimia,
akasema: huo ni wa chooni.
Nikajifunza kwa wa kulia, nikajifunza vibaya,
na usiku, peke yangu, nikarudi kushoto
kama mtu anavyorudia lugha ya kwao.

Jumanne mvua ilikatika saa nne.
Nikashuka sokoni kwa Mushengezi wa vyuma:
bawaba, minyororo ya baiskeli, visu visivyo na mpini.
Akanimwagia mikasi yote juu ya turubai.
Sikuangalia kung'aa.
Niliufungua mmoja mmoja, polepole, sikioni:
mzuri husema neno moja hadi mwisho,
mbaya hugugumia katikati.
Nikatazama kiungo: nataka skurubu, si ribiti,
kisichokazika tena hakikai.
Nikakata tambara langu la hariri kwa ncha,
maana kooni kila mkasi ni hodari.
Saba ikafeli.

"Na ule?"
"Ule acha, mama. Ulizaliwa vibaya.
Mafundi wote wameujaribu, hata Cikwanine wa makoti.
Hauumi."

Mweusi, mzito, masikio yake
yamepindia upande ambao hakuna anayeutaka.
Nikautia mkono wa kushoto.
Hariri ikafunguka
kama mlango wa mtu aliyekuwa macho, anakungoja.
Na mstari wa chaki niliuona wote,
mara ya kwanza, haujafichwa na chuma.

Nikaufunga haraka. Nikauliza bei ya ubovu.
"Elfu tano, uniondolee mkosi."
Nilipaswa kusema.
Nilihesabu noti, nikazihesabu tena,
muda ule wote ulikuwa wa kusema.

Sasa unakaa kwenye msumari, juu ya cherehani.
Karatasi haiugusi. Cito aliugusa kwa ajili ya daftari,
akala ugali peke yake jikoni.

Jana niliikata tai.
Niliinyoosha kwa pasi ya makaa
na mkunjo wa fundo ukakataa kulala:
ulikuwa umeelekea upande wa pili.
Nikakaa chini.
Miaka yote mezani, Baba, kijiko mkono wa kulia,
na kumwagikwa kwako kote na mchuzi.

Mushengezi hajui. Kila nikipita
ananipa pole kwa ajili ya ule mkasi,
halafu ananipa sindano, bure, eti nisimlaani.
Ninazo tisa.
Nadarizi kwazo juu ya mishono, unyoya kwa unyoya,
na kila Jumanne nasema, wiki ijayo
nitamwambia.