Tobo la Blanketi

Miaka ishirini na saba, baba,
ulilisha magogo msumeno wa Mafinga
na hukuwahi kuwasha sigara ndani ya lango.
"Vumbi la mbao lina masikio," ulituambia,
"linasikia njiti ikikwaruzwa."

Sasa umestaafu, unavutia kitandani.

Jumanne, nikitandika, nimekuta tobo,
duara, ukubwa wa shilingi mia,
na chini yake godoro limeyeyuka,
limefanya ganda gumu kama ukoko.
Hukusema. Uliliwekea mto juu.

Kuta zetu ni mbao, baba. Dari ni mbao.
Wewe ndiye uliyezipasua.
Na Twilumba analala chumba cha ndani,
hana njia ya kutokea ila kwako.

Nikaleta kopo la siagi, nusu mchanga.
Ukacheka: "Mimi paka?"
Nikaficha kiberiti;
ukainamia jiko la mkaa, ukawashia hapo.

Basi nimehamishia kigoda chako barazani.
Juni hii, ukungu umelala hadi kizingitini,
nikaketi nawe, meno yakigongana,
shuka moja mabega manne,
mpaka moto ukafika kwenye kichungi
na wewe mwenyewe ukauzika mchangani.

"Kumbe nyumba nayo ina lango," ukasema.
Sikujibu. Midomo ilikuwa imekufa ganzi.

Lakini usiku wa manane bado naamka,
napitisha kiganja juu ya blanketi lako,
taratibu, nisikuamshe,
kama ulivyokuwa ukinipima homa.