Mguu wa Kushoto

Kijana wa chuo kikuu amefika mpaka Masoko
na kinasa sauti, suruali imelowa mpaka magotini,
kuniuliza habari za marehemu Ambokile Mwasomola, mtunzi.
Anasema karatasi alizozikuta kwenye sanduku la usharika
zinaonyesha mlimbwende wa zama za mwisho.

Nimecheka mpaka chai ikanipalia.
Mlimbwende! Mtu wa koti moja,
nalo la mmisionari aliyekufa kwa homa,
mikono mifupi, kifungo kimoja cha mfupa,
viwili alivichonga mwenyewe.

Haya, andika. Lakini nota mimi sizijui.
Mimi nilikuwa mguu wake wa kushoto.

Wa kwake aliuacha chini ya lori la chai, kona ya Kiwira.
Kinanda cha kanisa kilitaka miguu miwili kukivutia pumzi,
naye alibaki na mmoja.
Ndipo nikaitwa, Tupokigwe, mtoto wa mpiga kengele, miaka tisa,
nikae chini ya kinanda, gizani na panya,
nikandamize kanyagio kwa viganja.
Yeye kulia, mimi kushoto.
Nilimsikia kutoka chini,
kama mdudu anavyoisikia mvua akiwa ndani ya mgomba.

Kazi ya kwanza ni ya masika.
Huku kwetu mvua hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Ililowesha ulimi wa la, ukawa hausemi,
naye akatunga zaburi nzima isiyo na la.
Kijana anasema huo ni ujasiri wa kimtindo.
Ulikuwa unyevu.

Ya pili mama yangu aliifungia karanga.

Ya tatu ni ya harusi ya Anganile,
aliyempenda yeye, akaolewa na karani wa kahawa.
Aliipiga siku hiyohiyo.
Bibi harusi alipopita mbele ya kinanda
mguu wa kulia ukasimama.
Nikakandamiza peke yangu, mapigo manne, matano,
wimbo usife.
Kijana anafunua: hapa pana alama ya jicho, kituo.
Naam. Ndilo jicho lenyewe.

Nyingine sizikumbuki kwa majina, nazikumbuka kwa mabega.
Ipo moja ya mazishi, nyepesi kama kupepeta mchele.
Ipo ya Pentekoste iliyonitoa malengelenge.

Alijifunza kwa vitabu vya nota vya yule mmisionari,
vya watunzi wa mbali ambao hata kwao hawaulizwi tena.
Aliwazoea kama wajomba, akigombana nao usiku.
"Tupokigwe," aliniambia,
"mimi nimefika karamuni watu wanakung'uta mikeka."
Na kweli alichelewa kila kitu: ibada, mshahara.
Kuoa hakuwahi kabisa.

Ile kubwa, ya kurasa tisini, ya sauti nane,
haikuimbwa.
Kwaya ilikuwa na watu kumi na wanne,
msimu wa kuchuma chai, saba,
na mmoja wa hao saba alikuja kwa sababu ya binti wa mchungaji.

Tuliipiga wawili, Jumamosi Kuu, kanisa tupu,
karabai moja juu ya kinanda, chini hakuna.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikutoshea tena pale,
magoti yaligusa kidevu.
Karibu na mwisho vidole vyake viliacha kusema
lakini mguu wake uliendelea,
nami nikaendelea,
kulia, kushoto, kulia,
upepo mtupu ukitoka kwenye kinanda
mpaka jogoo wa mchungaji alipotuingilia.

Kijana ananionyesha ukurasa wa tisini.
Mistari mitano, nota hakuna.
Pembeni, upande wa kushoto, herufi moja: T.
"Hakumaliza," anasema. "Hii ni ti,
nota isiyotulia mpaka do ije."
Anaandika hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Nimemwongezea chai.
Kikombe nimekishika kwa viganja vyote viwili.