Ngazi ya Fundi Malogo

Transfoma ya Hombolo, namba kumi na tisa,
inanguruma juu ya nguzo zake mbili
kama mtu anayezuia kikohozi kanisani.
Nimeifungia kisanduku. Kinaandika kila robo saa:
volti, mkondo, joto la mafuta.
Chenyewe huandika kumi na mbili; mimi nasoma saa sita.
Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza, na ndio mdogo.

Saa sita hakuna wingu hata la kukopa.
Mabati yanalia tak, tak, yakijinyoosha,
na mapaa ishirini na matatu yanakunywa jua,
kisha yanarudisha mabaki kwenye waya,
waya uliozoea kuleta, si kuletewa.
Volti mia mbili hamsini na nane.
Friji ya Sechelela inazimika na juisi ya zabibu tumboni.
Inveta ya mwalimu Ndahani inajifunga bila kuaga.
"Jua limetuzidi," wanasema,
kana kwamba Ugogo jua liliwahi kupungua.

Ofisini jibu lilikuwa tayari: transfoma kubwa zaidi.
Bei yake ilikuwa na sufuri nyingi, kama kiota cha kanga.
Nikasema, nipeni wiki tatu.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
tuliliimba hilo darasa la nne.
Na jua je?

Nikaenda nyumba kwa nyumba, vumbi la Agosti kwenye meno,
nikauliza maswali ya mtu wa kodi
na kupokelewa kama mtu wa kodi.
Paneli ngapi? Zinatazama wapi? Nani alizifunga?
"Malogo."
"Malogo."
"Fundi Malogo, kwani kuna mwingine?"

Usiku nikachora. Mistari mitatu kwenye kioo cha kompyuta:
wa njano umelala, wa bluu umelala,
mwekundu kila adhuhuri unainua kichwa kama swila.
Nyumba kumi na tisa kati ya ishirini na tatu
zilikuwa zimening'inia kwenye waya mmoja.

Nilimfuata Malogo nikiwa na karatasi zangu.
Hakukasirika. Alitoka uani na ngazi,
mbao za mninga, vipago tisa,
akaiegemeza kwenye nguzo.
"Waya wa chini kabisa hauna kitu," akasema.
"Unaofuata ndio huu. Ile mingine siifikii."

Basi. Wiki tatu za namba,
na siri yote ilikuwa kipago cha kumi.

Tulihamisha nyumba kumi na mbili, mchana kutwa,
kwa ngazi ya kuazima kutoka misheni.
Nikamwomba Mbeleje mashine yake isage uwele saa sita,
si jioni, wakati kila mtu anawasha taa na televisheni.
Nikamwonyesha mstari. Hakuutazama.
"Saa sita wateja wangu wako kivulini," akasema,
"na wewe utawalipa watoke?"
Hilo bado tunaliongea.

Sasa adhuhuri ni mia mbili thelathini na sita.
Juisi ya Sechelela ina barafu.
Ripoti nimepeleka, kurasa kumi na nne.

Kuna jambo sikuliandika.
Usiku wa Jumanne, saa tisa, nyumba ya mama Nyemo,
ambayo hulala saa tatu na balbu moja,
ilipanda ghafla: taa zote, birika.
Kisha nyumba ya jirani. Kisha ya tatu.
Niliutazama mstari ukipanda kilima peke yake
na nikajua, kabla simu haijaita.
Siku tatu paa lile halikurudisha kitu kwenye waya.
Jua lake lote liliishia pale pale uani,
kwenye spika ya kwaya, kwenye chaja za wageni,
kwenye chai.

Mfumo uliniuliza, kwa herufi nyekundu:
hitilafu, au kawaida?
Nilikaa kidogo.
Nikabonyeza kawaida.