Jiwe la Kushikia Mlango

Jiwe hili, Aikande, usiwarushie kuku.
Limepanda ndege mbili kuja kushika mlango wetu hapa Rau,
huu unaobamizwa kila alasiri
upepo ukishuka mlimani.
Pale KIA afisa alilipima mkononi, akacheka:
"Mzee, Kilimanjaro mawe yameisha?"

Miaka kumi na tisa nimewapandisha watu.
Nawajua kwa viatu kabla ya majina.
Nimesema pole pole hadi neno limeisha utamu
kama bazoka iliyotafunwa tangu asubuhi.
Lakini sikujua mtalii huumwa wapi hasa.
Sasa najua. Huumwa mikono.

Zdenka alikuja kunipokea,
yule bibi niliyemteremsha usiku kutoka Kibo, midomo ya bluu.
Akanyakua begi langu. Nikalivuta. Akalivuta.
Kisha kwa Kiswahili chake cha siku sita:
"Leo wewe mgeni. Mimi mpagazi."
Nikatembea nyuma ya mzigo wangu mwenyewe
kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.

Praha ni mji mzee, mke wangu.
Kuna nyumba zimewazika babu wa babu
na bado zinalipiwa umeme.
Kuna daraja lenye watakatifu wa mawe, weusi kwa masizi;
niliwaamkia shikamoo kimoyomoyo, mmoja mmoja,
nikachoka kabla hawajaisha.
Na kuna saa kubwa ukutani.
Ikigonga, kiunzi cha mifupa kinavuta kamba
na umati wote unainua simu.
Zdenka akanionyesha duara la pembeni, tarakimu za kale:
zamani zile, alisema, siku yao ilianza jua likitua,
na saa ya kwanza ilikuwa ya usiku.
Nilicheka, watu wakageuka.
Saa moja ya usiku! Huku nyumbani
nimebishana na wageni wangapi juu ya hiyo saa moja?

Siku mbili nilikuwa mgeni.
Ya tatu, usemi unaujua, nikatafuta jembe.
Hawana jembe. Wana makumbusho.
Nikapanda ngome, nikashuka ngome,
nikajikuta nahesabu kundi lisilo langu:
kumi na wanne, mmoja amebaki nyuma anafunga kamba ya kiatu.
Nikasimama kumsubiri.
Kiongozi wao, mwenye mwavuli wa njano, akaniona.
Tukatazamana kama wezi wanaojuana.

Siku ya tano nilipotea, kwa makusudi kidogo.
Kichochoroni mzee amepiga magoti
anapanga mawe ya njia, nyundo ndogo, ndoo ya mchanga.
Lugha yake siijui. Nikapiga magoti pia.
Akanitazama muda mrefu, akanipa jiwe.
Nililikalisha. Akatikisa kichwa, akaligeuza,
akaligonga: ti, ti, tu.
Ile tu ndiyo inayosema limeingia.
Tulifanya kazi mpaka saa sita, ya kwetu na ya jua.
Akanikatia nusu ya mkate wake.

Wakapita watalii wawili, mume na mke.
Wakatupiga picha.
Hawakuuliza.
Basi mahali fulani duniani, kwenye simu ya mtu,
mimi ni mwenyeji wa Praha.

Hili lilikuwa limevunjika pembe, halifai njia.
Alilifuta kwa kofia yake kabla ya kunipa.

Hayo ndiyo uliyotaka kusikia? Ulitaka zawadi, najua.
Chokoleti iko kwenye begi, imeyeyuka.

Jumamosi naingia Marangu na kundi la saba.
Siku ya tatu, Horombo, mmoja ataniuliza
kama kuna anachoweza kusaidia.
Huwa wanauliza. Huwa nasema hapana, pumzika, umelipia.
Safari hii nitampa kisu
na karai la viazi.

Sogeza mguu, Aikande.
Upepo ule unakuja.